Kitalu cha miche cha barabara ya Entebbe: migomba nunua, waridi uache

Kitalu hiki, ambacho sitakitaja jina, kiko kando ya barabara iendayo Entebbe, wilayani Wakiso, na kwa wingi wa miche sijaona kinachokizidi katika eneo hilo: waridi za rangi nyingi, matufaha na pichi zilizobebeshwa, nyasi za bustani, pamoja na migomba iliyooteshwa maabara. Bei ni nafuu, na miche hufungwa vizuri kiasi kwamba hufika salama hata ikibebwa kwa boda boda. Hata hivyo, kwa upande wa waridi siwezi kukipendekeza.

Miche niliyonunua ilikuwa na majani yanayong'aa, lakini baada ya kupandwa ilidumaa, na nilipofukua udongo shinani mwa mmoja nikakuta, palepale ulipobebeshwa, nundu la kahawia lenye magamba, gumu kama kizibo cha mti. Uvimbe huo huletwa na bakteria wa udongoni aitwaye Agrobacterium tumefaciens, ambaye Erwin Smith na Charles Townsend walithibitisha nchini Marekani mwaka 1907 kwamba ndiye chanzo chake.

Bakteria huyu huhitaji jeraha ili aingie. Seli zilizokatwa huvujisha utomvu wenye kemikali za fenoli, naye huufuata, hunata kwenye seli kwa ute wa sukari, kisha hujifunga hapo kwa nyuzi za selulosi. Akishashika, hupenyeza kipande cha DNA yake hadi kwenye kromosomu za mmea, nacho huufanya utengeneze homoni za ukuaji kupita kiasi, pamoja na chakula ambacho bakteria huyo ndiye hasa anayekifaidi. Kwa hiyo sikuridhika mhudumu aliponiambia, "Ssebo, pulizia tu dawa ya shaba, litakauka." DNA hiyo ikishaingia, nundu huendelea kukua hata bakteria wenyewe wakifa.

Niliporudi kulalamika nilimwona mbebeshaji akikata mche baada ya mche kwa kisu kimoja, akikifuta kwenye aproni, na udongo wa viriba vya miche iliyokufa ukirudishwa kwenye lundo la kujazia viriba vipya, ilhali bakteria huyu huweza kudumu udongoni kwa miaka. Kikopo cha spiriti cha kuchovyea kisu kina gharama gani kwa biashara ya ukubwa huo?

Matufaha na pichi zimo katika hatari ileile, na mkulima wa Kabale anayetaka kupanda shamba zima asichukue miche hapa. Migomba na nyasi ni habari nyingine, kwa kuwa majeraha yake hayamwitikii bakteria kwa namna hiyo na ni nadra sana kuota nundu. Watafiti wa NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo nchini Uganda, kule Kawanda wamemtumia bakteria huyuhuyu, akiwa ameondolewa jeni za uvimbe, kuingiza jeni ndani ya migomba, lakini hiyo ni kazi ya maabara.

Fedha hazikurudishwa, nilipewa nafasi ya kuchagua waridi nyingine kutoka tuta lilelile, nikaomba migomba badala yake, nao wakakubali bila ubishi. Imestawi vizuri. Anayeng'ang'ania waridi za hapo apasue kiriba na kukagua shina na mizizi kabla ya kulipa, ingawa mche unaoonekana safi nao unaweza kuwa umekwisha kuambukizwa.