Mfalme wa katiba au jamhuri: Ufaransa, 1791 na 1792

Katiba ya Septemba 1791 ilimwacha Louis XVI kwenye kiti, ila ikamfunga mikono: Bunge litunge sheria, yeye aweze kuzichelewesha tu kwa kura ya turufu. Mpiga kura alikuwa mwanamume anayelipa kodi sawa na ujira wa siku 3. Fukara hakuwa na lake. Kwangu mpango huo ulikufa kabla haujazaliwa. Juni mwaka huohuo wa 1791, mfalme alitoroka Paris usiku na familia yake kwa gari la farasi, akakamatwa mjini Varennes. Nani angemwamini tena?

Jamhuri ya Septemba 1792 ilifuta ufalme, na sharti la kodi lilikuwa limeshaondolewa Agosti mwaka huo. Wanawake, walioandamana hadi kasri la mfalme la Versailles mwaka 1789 kudai mkate, hawakupata kura chini ya mpango wowote kati ya hiyo miwili. Hilo linaniuma.