Calgary hadi Jasper kwa gari la kukodi: maoni yangu, na mambo ya kumaliza kabla hujatoka uwanja wa ndege

Kwa wenye haraka nianze na jibu. Kushuka uwanja wa ndege wa Calgary pale Kanada, kuchukua gari la kukodi hapohapo na kupanda Milima ya Rocky mpaka mji wa Jasper kwa ile barabara inaitwa Icefields Parkway, hiyo safari naipa nyota tano. Kampuni iliyotupa gari naipa tatu, na sababu ntazisema. Ila kuna jambo nataka mtu alielewe kabla hata hajaanza kutafuta tiketi. Ile barabara ikishaanza haina kitu. Kilomita 232 toka kijiji cha Lake Louise, penye ziwa la jina hilohilo, mpaka Jasper, sheli moja katikati, mtandao wa simu karibu njia nzima hamna, na mji hamna. Kwa hiyo ambacho hujakimaliza Calgary usitegemee utakimalizia mbele. Watu wengi wanapanga hii safari kwa kuangalia picha za maziwa, mi nasema ipange kuanzia kaunta ya magari.

Lakini kabla ya kaunta kuna tarehe, na hapa ndo wengi wanaumia. Mwezi wa tano Calgary inaweza kuwa na jua zuri tu watu wamevaa tisheti, ukapanda huko juu ukakuta maziwa bado yameganda meupe. Lake Louise barafu inaachia mwishoni mwa mwezi wa tano au mwanzoni mwa wa sita hivi, na maziwa ya juu zaidi kama Peyto yanachelewa kuliko hapo. Na ile rangi ambayo kila mtu anaifuata, ile bluu iliyochanganyika na kijani, haipo mwaka mzima. Inatokana na ile mito ya barafu, yaani barafu nene inayoteremka polepole milimani, inasaga mwamba mpaka unakuwa unga laini kabisa, joto likija barafu inayeyuka maji yanaubeba ule unga mpaka ziwani, unaelea hauzami upesi, mwanga wa jua ukiugonga ndo unapata rangi ile. Sasa kama joto bado halijaanza kazi hakuna unga wa kutosha, na picha yako haitafanana na zile ulizoziona. Mwezi wa saba na wa nane rangi iko juu kabisa, ila na watu nao wako juu kabisa na vyumba vinapanda bei vibaya mno. Mi napendekeza katikati ya mwezi wa tisa, watu wamepungua, rangi bado ipo, na ile miti ya larch inaanza kugeuka njano. Mwishoni mwa mwezi wa sita nako kuna raha yake, jua linazama karibu saa nne usiku, yaani una mchana mrefu huna presha ya kukimbizana na giza.

Majira ya baridi ni habari nyingine kabisa. Kuanzia tarehe 1 Novemba mpaka 30 Aprili sheria inataka gari liwe na tairi za kufaa theluji kwenye Parkway, ile sheli yenyewe inafungwa, na barabara inaweza kufungwa ghafla kwa sababu ya maporomoko ya theluji. Kama hujawahi kuendesha kwenye theluji tafadhali usijifunzie pale.

Haya, gari. Kampuni siitaji jina. Foleni ilikuwa ndefu, hilo nawasamehe maana ndege kadhaa zilishuka kwa pamoja. Kijana wa kaunta mpole, anaongea vizuri, ila kila sentensi yake ilikuwa inaishia kwenye bima nyingine au gari kubwa zaidi. Anakuambia milimani bila SUV kubwa utapata shida. Si kweli kwa kiangazi. Njia yote toka uwanja wa ndege mpaka Jasper ni lami nzuri, kona pana, malori ya mizigo hayaruhusiwi kwenye Parkway, na spidi ya juu ni 90. Gari dogo lenye breki nzima na nafasi ya mabegi linatosha kabisa, na mafuta linakula kidogo. Kama mko wengi chukueni kubwa, lakini lisiwe kwa kutishwa.

Kilichonikera ni gari lenyewe. La kwanza tuliloletewa tairi za mbele zimechoka, nilipitisha kidole kwenye ile mifereji ikawa kama hakuna kitu, nikalikataa. Wakaleta la pili, zuri, safi, nikasema sawa ngoja nizunguke. Kwenye kioo cha mbele, juu kidogo karibu na kile kioo cha kutazamia nyuma, kulikuwa na kidoa cha jiwe kidogo kama punje ya mtama. Mhudumu akaniambia hicho hakihesabiki. Nikamwomba akiandike kwenye fomu, nikakipiga picha kwa mwanga wa simu huku yeye anaona, akaandika. Hili nalisisitiza kwa sababu vioo vya magari kwenye jimbo hili la Alberta vinapigwa mawe sana, baridi ikija wanamwaga kokoto barabarani ili magari yasiteleze, kokoto zinabaki, lori likikupita linakurushia. Na ule ufa mdogo baridi ya usiku na joto la hita vinaufanya utembee mpaka upande wa pili. Uliza moja kwa moja kama kioo na tairi vimo ndani ya bima unayolipia, maana mara nyingi vinawekwa pembeni. Uliza pia kama kilomita hazina kikomo, kwenda na kurudi tu peke yake unazidi 800 kabla hujazunguka popote. Na wakati ukiwa bado na intaneti ya uwanja wa ndege shusha ramani ya eneo lote kwenye simu, Calgary mpaka Jasper, iweze kufanya kazi bila mtandao. Anwani ya chumba, namba ya bukingi, kila kitu kipigie picha ya skrini. Hapo ndo nawapa kampuni nyota tatu: gari lilienda na kurudi bila tatizo hata moja, lakini ukaguzi niliufanya mimi si wao.

Kutoka uwanjani usifuate njia ya kuingia katikati ya jiji. Shika Stoney Trail, ile barabara ya mzunguko, elekea magharibi mpaka ikukutanishe na Highway 1. Kwa tuliozoea kuendesha kushoto hii inasaidia sana, kule ni kulia, na barabara pana yenye njia zilizotenganishwa inakupa muda wa kuzoea kabla hujakutana na makutano ya mjini. Ukitoka tu Calgary unaiona milima imejipanga mbele yako toka mbali, na unaendesha kwa muda mrefu haisogei, halafu ghafla uko ndani yake.

Ukifika Canmore, mji mdogo kabla ya hifadhi, simama. Nunua chakula, maji, jaza mafuta kama yamepungua, maana ukiingia ndani ya hifadhi kila kitu kinapanda. Kisha kuna geti la hifadhi ya Banff, ya kwanza kuanzishwa Kanada, toka 1885. Kibali ni lazima kama utasimama popote humo, na utasimama tu. Cha siku kinaishia saa kumi jioni ya siku inayofuata, si saa sita usiku, kwa hiyo ukiingia jioni hukipotezi. Kile cha mwaka mzima kinaitwa Discovery Pass, cha familia au kikundi kinachukua mpaka watu saba ndani ya gari moja, na mkikaa karibu wiki nzima ndo kinaanza kuwa na maana. Fanyeni hesabu kwa idadi yenu kabla ya kufika getini, pale hakuna nafasi ya kutafakari gari zimejipanga nyuma yako.

Lake Louise na Moraine Lake nitapita haraka, zimeshaandikwa sana. Jua tu kwamba Moraine Lake toka 2023 magari binafsi hayaruhusiwi kabisa kuingia, unapanda basi na kiti unakibuku kabla. Nimekutana na watu wamefika pale na gari lao la kukodi wamerudishwa, wamechoka, watoto wamenuna, siku yao imeharibika. Bukini mkiwa bado nyumbani.

Sasa Parkway. Jamani. Hii barabara ilianza kujengwa 1931 wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi, ikawa kazi ya kuwapa ajira watu waliokosa, wakaifungua 1940. Ukiipita unaelewa kwamba hawakuwa wanatafuta njia ya mkato. Ushauri wangu mkubwa hapa ni uondoke Lake Louise asubuhi mapema kuelekea kaskazini, kwa sababu mto wa barafu wa Crowfoot na maziwa ya Bow Lake na Peyto vyote viko upande wa magharibi, upande wa kushoto kwako, na jua la asubuhi linavipiga usoni. Ukija mchana jua liko nyuma ya milima, unapata vivuli na kioo cha mbele kinakupofusha. Bow Lake asubuhi upepo haujaanza, maji yametulia. Pa kutazamia Peyto ndo pako juu kabisa, zaidi ya mita 2,000, unapaki halafu unatembea njia ya lami inayopanda kidogo, pumzi itakushinda si kwa sababu huna mazoezi ila ni ule mwinuko. Ukifika kwenye jukwaa la kutazamia angalia pale mto unapoingia ziwani, utaona maji ya kijivu kama saruji yanaingia, yanasambaa taratibu, na mbele kidogo tu yameshakuwa bluu. Ule ndo unga wa mwamba niliousema, unauona kwa macho yako unavyofanya kazi. Mabasi ya watalii yakishafika jukwaa linajaa, hiyo ndo sababu nyingine ya kuwahi.

Sheli iko Saskatchewan River Crossing, kama kilomita 80 toka Lake Louise. Bei yake inauma, na mi nasema ukiwa umejaza chini huhitaji, ila kama mshale umeshuka chini ya nusu weka tu usibishane, mpaka Jasper bado zaidi ya kilomita 150. Kuna choo na kaduka.

Baada ya hapo barabara inapanda kwa kona moja kubwa sana inayojizungusha, simama pale juu utazame ulikotoka. Wakati wa kurudi pale unashuka, tumia gia ndogo, usikanyage breki mfululizo. Kisha unavuka Sunwapta Pass, hapo unatoka hifadhi ya Banff unaingia ya Jasper, na upande wa kushoto unakutana na Athabasca Glacier. Hapa nilikaa kuliko nilivyopanga. Kuna njia ya miguu ya kuusogelea ule mto wa barafu, na pembeni ya njia wameweka vibao vyenye miaka kuonyesha mwaka fulani barafu ilikuwa imefika hapa. Unatembea kibao kimoja mpaka kingine juu ya mawe makavu na kokoto, unapanda, barafu bado iko mbele. Imerudi nyuma zaidi ya kilomita moja na nusu kwa miaka mia na kitu. Nimesoma mambo ya tabianchi miaka yote lakini kuutembea ule umbali kwa miguu yangu ilinigusa kwa namna nyingine kabisa. Maji ya ule uwanda mkubwa wa barafu wa Columbia Icefield hapo juu yanaenda bahari tatu, Pasifiki, Aktiki na Atlantiki. Usivuke kamba kupanda juu ya barafu bila mwongozaji, kuna nyufa zilizofunikwa na theluji na watu wamefia humo. Kama unataka kuikanyaga lipia ziara, kwangu inastahili. Lile jukwaa la sakafu ya kioo la jirani si lazima, bonde hilohilo unaliona bure barabarani.

Wanyama wapo. Ukiona magari yamesimama hovyo mbele jua kuna dubu. Sheria ni mita 100 kwa dubu na mbwamwitu, 30 kwa elk, wale kulungu wakubwa, na mi naona adabu ni kubaki ndani ya gari, kupita taratibu na kuendelea. Anayeshuka na simu mkononi anamponza dubu mwenyewe, akizoea watu mwisho wake huwa mbaya.

Athabasca Falls msiiruke hata kama mmechoka, haina urefu wa kutisha, mita 23 tu, lakini mto mzima unajibana kwenye mpasuko mwembamba wa mwamba na unasikia kishindo kifuani. Kaeni ndani ya uzio, mwamba unateleza.

Jasper yenyewe nawaomba muende na moyo. Moto wa msitu wa Julai 2024 uliteketeza karibu theluthi ya majengo ya mji, na njiani mtaona misitu myeusi. Mji unapokea wageni na unawahitaji, ila vyumba ni vichache, kwa hiyo chumba cha Jasper kibukiwe kwanza kabla hata ya gari, halafu safari nyingine yote ipangwe kukizunguka. Na mlale pale angalau usiku mmoja, msije mkajidanganya kwenda na kurudi mji wa Banff siku hiyohiyo, inawezekana kwa saa lakini utakuwa umeipita barabara tu.

Kurudi Calgary ni kama kilomita 410, saa tano hivi bila kusimama, na kusimama utasimama. Ndege ya jioni siku hiyo mi sishauri, kiangazi kuna matengenezo ya barabara na foleni ya Banff jumapili mchana ni ndefu. Lala Canmore au Calgary, jaza tenki nje ya uwanja kabla ya kurudisha gari maana wakikujazia wao bei ni yao, subiri mhudumu alikague ukiwepo, na risiti ya mwisho ikae kwenye imeili yako kabla hujaondoka kaunta. Dipoziti yetu ilirudi yote.