Shafti za Probox kwenye gari nililojiundia: zinafaa?

Karibuni tena karakana, wadau. Leo kamera nimeilaza chini kabisa, maana ninachotaka mkione kiko huku mvunguni: shafti mbili za Toyota Probox, zile za kupeleka nguvu kutoka giaboksi hadi magurudumu, mtumba wa Japani. Nimezitoa Grogan, kule kwenye vipuri Nairobi, kwa shilingi 12,000, tumebishana hadi koo likakauka. Ndiyo, Probox. Ile ile inayokimbiza miraa kutoka Meru. Injini yake ya 1NZ, cc 1,500, pamoja na giaboksi, nimevihamishia nyuma ya kiti changu, na sasa ile iliyokuwa ikivuta inasukuma.

Tazameni nikiziweka sambamba. Ya kulia ndefu, ya kushoto fupi, kwa kuwa giaboksi imekaa kushoto. Mradi injini hujaigeuza, kila shafti inarudi upande wake.

Hapa ndipo nilipoharibu mara ya kwanza. Fremu niliichomelea, halafu ndiyo nikakumbuka kupima. Shafti ikazidi kwa vidole viwili. Fundi mmoja akaniambia, "Lete bosi, tunakata, tunachomelea." Akachomelea, ikapendeza hata. Wiki tatu baadaye naondoka kwenye kilima, paa! Imekatika kando tu ya pale ilipochomelewa. Chuma cha shafti kimepikwa kikawa kigumu, na moto wa kuchomelea unakiondolea ugumu huo. Safari hii nimeacha shafti kama zilivyo, nikaunda upya mikono ya sasipensheni. Gari ndilo liifuate shafti.

Kupima, toa springi kwanza. Pandisha gurudumu hadi mwisho, lishushe hadi mwisho, pole pole, huku ukichungulia jointi ya ndani, hii ya miguu mitatu inayoteleza ndani ya kikombe. Isigonge kitako cha kikombe, na isichomoke ukishusha. Mimi nimebakiza milimita 10 kila upande. Usipime gari likiwa limetulia tu ukaridhika. Balaa liko kwenye matuta.

Na ukienda kununua, utaona kila mtu anatikisa jointi ya nje, ile inayolia ka-ka-ka ukikata kona. Wana haki, gari lao linavutwa na magurudumu ya mbele. Gurudumu letu la nyuma halikati kona, kwa hiyo jointi hiyo itakula raha. Wewe fungua raba inayofunika jointi ya ndani, futa grisi, pitisha kidole kwenye mifereji ya kikombe. Ukihisi vijishimo, mrudishie mwenyewe, la sivyo gari litatetemeka kila ukikanyaga mafuta. Jozi ya kwanza niliyoonyeshwa ilikuwa hivyo hivyo, imepakwa rangi nyeusi ing'ae. Mjini hapa!

Raba nimebadilisha zote nne. Nati kubwa ya gurudumu nunua mpya, kaza hadi Nm 216 kwa spana yenye kipimo. Habari za kuingiza bomba kwenye spana na kuruka juu yake, tafadhali.

Jumapili alfajiri nililipeleka Southern Bypass. Kwa mwendo wa 80 usukani umetulia, sakafu haitetemeki. Kwa bei hii sioni cha kuzishinda. Lawama yangu ni moja, nayo si ya shafti: sili ya giaboksi upande wa kulia inadondosha mafuta, nilivivia kuibadilisha nilipokuwa nimeshafungua kila kitu. Sasa itabidi nichomoe tena.

Haya, sogeeni, niwashe msikie.