Niliita wasafishaji waondoe harufu ili nyumba iuzike: uzoefu wangu

Nyumba ya mama, Tabata Segerea, ilikaa sokoni miezi mitano. Wateja wanakuja, wanasifia geti, wanasifia mwembe, wakifika koridoni wanakumbuka wana kikao Posta. Dalali alinistahi sana, mpaka siku moja ikamtoka: "Dada, nyumba nzuri, ila ukifungua mlango inakupokea yenyewe."

Mimi sikuwa nasikia kitu, pua yangu imekulia mle. Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Nadhani hawakuwahi kuuza nyumba mjini. Basi nikafukiza udi. Akaja mama mmoja wa Kinyerezi na mumewe, akavuta pumzi, akamuuliza mwenzake nami nasikia: "Hapa wanaficha nini?"

Ndipo nikaita kampuni ya usafi, jina naliacha. Vijana watatu na mashine, shilingi 220,000 kwa siku nzima. Haki yao nawapa: zulia, masofa na mapazia yaliyokunywa moshi wa mkaa na dagaa miaka yote ile waliyafua mpaka rangi zikarudi. Yale maji meusi yaliyotoka kwenye zulia yalinitia aibu. Kisha wakapuliza manukato ya limau wakaenda zao. Siku ya tatu limau likaisha, harufu ikarudi kama mwenye nyumba.

Aliyemaliza kazi ni fundi bomba wa mtaani. Alipiga magoti kwenye choo cha wageni, ambacho hakijatumika tangu mama ahamie kwa kaka. Chini ya lile tundu la maji la sakafuni, bomba limepinda ili libakize maji kidogo, na hayo maji ndiyo yanayozuia hewa ya shimo isipande. Choo kisipotumika wiki nyingi yanakauka, na shimo linahamia ndani. Akamwaga maji ndoo moja, juu yake akatia mafuta ya kula kidogo yasikauke upesi. Elfu kumi. Nilitamani kulia, sijui kwa furaha au kwa hasira.

Kikabaki chumba cha nyuma na uvundo wake. Bati lilikuwa linavuja kila masika, dari imelowa, na ile rangi mpya niliyojivunia ilikuwa imefunika fangasi tu. Tukabadilisha bati na mbao za dari, ukuta ukakwanguliwa na kuachwa ukauke kabla ya kupakwa tena. Hapo ndipo pesa ilipoteketea.

Wasafishaji nawapa nyota tatu kati ya tano. Wangeuliza harufu inatokea wapi kabla ya kuwasha mashine, ningewapa zote.

Yule mama wa Kinyerezi alirudi Jumamosi. Akazunguka vyumba vyote, akainama mpaka choo cha wageni, akanusa. Hakusema neno. Halafu akaanza kulalamikia bei.