Kitabu kizuri, duka lile hapana (uzoefu wangu)

Nianze na mikono, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Nilikuwa nimenawa. Nilinawa kwa sabuni ya unga kwenye bomba la nyuma ya jengo nililokuwa nafunga AC, nikajifuta kwa kitambaa kisafi, ndipo nikavuka barabara kuingia duka la vitabu. Ovaroli ilikuwa chafu, hilo sikatai, na begi la vifaa lilikuwa begani. Lakini mikono nilikuwa nimenawa.

Mwanangu wa kwanza yuko chuo, anasoma fasihi. Alikuwa ameniomba Recitatif ya Toni Morrison, mwandishi mweusi wa Marekani, hadithi fupi moja tu iliyochapwa peke yake kama kitabu kidogo. Nikaona nimtafutie mwenyewe, nimtumie kwa basi.

Dukani walikuwepo wawili. Mzee wa miwani, shati limepigwa pasi likanyooka, kalamu mfukoni. Na binti wa kaunta, wigi, kucha ndefu za kubandika, macho kwenye simu. Nikampita binti, nikamwendea mzee. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba. Mbona umechelewa? Pita huku nyuma, ndiyo hiyo inavuja."

Kweli AC yao ilikuwa inavuja, maji yanashuka ukutani. Bomba la kutolea maji limeziba tu, kazi ya nusu saa. Hapo sikuudhika. Mtu wa ovaroli na begi la spana akiingia mahali palipoitiwa fundi, atadhaniwa fundi, na mimi fundi kweli. Nikamwambia hapana mzee, nimefuata kitabu. Nikamtajia.

Akanitazama kuanzia kwenye buti, akapanda juu. "Hicho ni cha Kiingereza." Nikamwambia najua. "Cha nani?" Cha mwanangu, na mimi nitakisoma. Akacheka kwa puani, akamgeukia mteja wa suti aliyeingia nyuma yangu, akamhudumia huyo kwanza. Nikakiona kitabu mwenyewe kwenye shelfu. Ile nanyoosha mkono tu: "Usishike! Usishike bwana, mikono hiyo! Kikichafuka nani atalipa?"

Duka zima likageuka. Yule wa suti alikuwa amekumbatia vitabu vitatu, na hakuna aliyemuuliza kanawa lini.

Nilinyamaza. Mdomo ninao, kazini vijana wangu wananijua, lakini pale sauti haikutoka. Aliyeinuka ni binti wa kaunta. Akakitoa kitabu, akanipa mkononi, mkononi hasa, hakukiweka mezani. Akasema taratibu, "Baba, ukianza kusoma ruka utangulizi, uurudie mwisho. Ukiusoma kwanza utaiharibu hadithi." Nikalipa, nikatoka. Sidhani hata nilimshukuru. Huduma ya duka lile naipa sifuri, na nilikusudia niandike hivyo niishie hapo.

Sasa kitabu. Nilikifungua kwenye daladala, foleni imesimama. Twyla na Roberta, wasichana wa miaka minane, wanapangwa chumba kimoja kwenye makao ya watoto Marekani. Mmoja mzungu, mmoja mweusi. Yupi ni yupi, Morrison hasemi, tangu mwanzo hadi mwisho. Mwenyewe alieleza kwamba lilikuwa jaribio: kuondoa kila alama ya rangi katika hadithi ya watu ambao kwao rangi ni jambo kubwa. Ilitoka mara ya kwanza 1983, na toleo hili la 2022 limeongezewa utangulizi wa Zadie Smith, mwandishi wa Uingereza. Utangulizi ni mzuri ila unaifungua siri yote, na umewekwa mbele. Binti alisema kweli: uruke.

Mimi niliamua mapema sana. Mama yake Twyla anacheza usiku kucha, mtoto kamwacha, anakuja kumtembelea na suruali ya kubana hata kanisani. Nikasema huyu ndiye mweusi. Sikujiuliza kwa nini. Mimi mtu wa Dar, ngozi yangu hii, nimepewa mama mzembe nikampaka rangi yangu bila mtu kunilazimisha. Nikaja kwa mama yake Roberta, msalaba mkubwa kifuani, Biblia kubwa mkononi, chakula kingi amebeba. Nikageuza: la, mweusi ni huyu, akina mama wa namna hiyo nawajua. Miaka inapita, Twyla ni mhudumu wa mgahawa, Roberta anaingia na vijana wawili, wanakwenda kumwona Jimi Hendrix, mpiga gitaa mweusi wa Marekani, na Twyla hata hajui Hendrix ni nani. Nikasema naam, mweusi ni Roberta. Kisha nikakumbuka kwamba waliojaa kwenye maonyesho ya Hendrix wengi walikuwa vijana wa kizungu, nikageuza tena. Nikachoka.

Lakini kilichonifanya nifunge kitabu kilitangulia hayo. Siku ile ya wazazi, mama Twyla anamnyooshea mkono mama Roberta. Mama Roberta anamtazama juu mpaka chini, hatoi wake, anamvuta binti yake anaondoka. Na kumbuka Twyla ameshatuambia alivyofundishwa na mama yake kuhusu watu wa rangi ya Roberta: hawaoshi nywele, na wananuka. Nilitaka kujua aliyekataa mkono ni wa rangi gani, nijue nimchukie nani. Kitabu kikaninyima. Nikamkasirikia Morrison kama nilivyomkasirikia mzee wa miwani. Nikasema huu ni mchezo wa watu ambao hawajawahi kukemewa "usishike". Twyla ni wino kwenye karatasi, nikimdhania vibaya hapungukiwi kitu. Mimi pale dukani jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni. Nyota mbili.

Nyota mbili hizo nilizifuta usiku uleule, kwa sababu ya Maggie. Ni mwanamke wa jikoni pale makaoni, miguu yake imepinda, na hasemi. Siku moja alianguka bustanini na wasichana wakubwa wakamfanyia ubaya. Twyla na Roberta wakiwa watu wazima wanagombana: Maggie alikuwa mweusi au hakuwa? Sisi tulimpiga mateke au hatukumpiga? Hawakumpiga, ila walitamani kumpiga, na hilo ndilo linalowatesa ukubwani. Huyu sasa si mchezo. Mtu asiyeweza kusema, kila mmoja anambandikia anachotaka.

Ndipo nikasoma utangulizi, mwisho, kama nilivyoagizwa. Na katikati yake likanijia: binti aliniambia niuruke kwa sababu yeye ameusoma. Ameisoma hadithi, ameusoma utangulizi, amepima kipi kitangulie. Na mimi nilimpita kwa ajili ya kucha, nikaenda kwenye miwani.

Nimejaribu kuiwaza hadithi kama hii kwa Kiswahili. Lugha yetu inasaidia kidogo, "yeye" haisemi mwanamume wala mwanamke. Lakini sisi mtu tunamkata kwa jina kwanza. Ukiandika Mwajuma na Neema umeshamaliza, msomaji ameshajua nani anakwenda msikitini. Itabidi uondoe na salamu, na lafudhi, na chakula cha sikukuu. Mwanangu anasema inawezekana. Pia anasema mweusi ni Roberta, mimi nasema Twyla, na tumebishana kwenye simu hadi salio likaisha.

Kwa hiyo kitabu nakipa tano. Duka nilisema sirudi, lakini nilirudi, Ijumaa moja baada ya swala, nimevaa kanzu, nikitaka kumshukuru yule binti. Mzee hakunijua. "Karibu sana sheikh, shika, fungua uone, usiogope." Akanisukumia vitabu mkononi, viwili kwa mpigo. Nilikuwa nimetoka kula mihogo ya kukaanga pale nje, vidole nimejifuta kwa karatasi tu. AC ilikuwa bado inavuja.

Nikamuulizia binti. Akasema ameacha kazi, haijulikani yuko wapi.

Jina sikuliuliza siku ile. Binti yangu, kama utayasoma haya, mimi ndiye yule wa ovaroli. Uliniambia utangulizi niurudie mwisho. Nimeurudia, na ahsante.