Mbegu za uyoga za chupa, mifuko iliyopandwa tayari na semina yao: chupa nyota nne, mifuko nyota mbili

Kuna jamaa wanauza vitu vya uyoga huku Dar, jina silitaji maana sitaki kesi na mtu, ila wanaofuatilia mambo haya watawajua tu. Wanauza chupa za mbegu, mifuko ambayo washaipanda wao, na semina ya siku moja ya kulipia. Nimechukua vyote vitatu kwa ajili ya chumba changu cha uani, uyoga ni huu mamama tuliozoea, yaani oyster.

Chupa ndo kitu chao kizuri aisee. Ni chupa ya kioo imejazwa mtama uliochemshwa, mdomoni wameziba na pamba. Mbegu nzima unaijua kwa macho, punje zote zimevaa utando mweupe toka chini mpaka shingoni, ukiigonga kiganjani punje zinaachana, na ukitoa pamba inanukia uyoga kabisa. Sasa ukiona maji ya njano yamekaa chini ujue hiyo imezeeka, na ukiona doa la kijani au jeusi hata kadogo namna gani irudishe hapohapo, ule ukungu wa kijani ukiingia kwenye mfuko hautoki, unakula kila kitu na kuhamia mfuko wa jirani. Kwenye oda yangu moja ilikuwa na doa, wakanibadilishia bila maneno mengi, hapo nawapongeza. Nilichokosa ni tarehe. Hawaandiki chupa imetengenezwa lini, mpaka uulize, na ukimkuta kijana wa zamu hajui basi unabaki kukadiria kwa macho.

Haya, mifuko. Matangazo yao yanasema mfuko mmoja unakupa kilo 5 za uyoga. Jamani. Mfuko wenyewe nimeupima ukiwa umelowa ni kama kilo 3, na malighafi (majani ambayo uyoga unaotea) ikiloweshwa vizuri karibu theluthi mbili ya uzito ni maji, kwa hiyo majani makavu mle ndani ni kilo moja hivi. Wataalamu wa uyoga wanapima mavuno kwa kulinganisha uyoga mbichi na uzito wa malighafi kavu, wakipata kilo kwa kilo wanaiita asilimia 100 na wanafurahi, wengi wanakaa chini ya hapo. Sa hao kilo 5 wanaitoa wapi? Mimi mifuko yao haikufika kilo moja kwa mikupuo yote mitatu (yaani awamu tatu za kuvuna), na mkupuo wa kwanza ndo ulibeba karibu nusu, wa tatu ni vidole viwili vitatu tu vya kutia kwenye mchuzi. Si kwamba mifuko ni mibovu, hapana, ilitoa mavuno ya kawaida kabisa, ila bei wameipanga kwa hesabu ya kilo 5, hapo ndo mtu anapigwa.

Halafu mingine ilikuwa imelowa kupita kiasi, maji yamesimama kwenye kona za chini na sehemu hiyo utando haukushika, ikaanza kunuka uvundo. Ukijaza mwenyewe kipimo ni rahisi, chukua konzi ya majani yaliyopoa ukamue kwa nguvu, likidondoka tone moja mawili inatosha, yakichuruzika anika kwanza. Kwa pesa ya mfuko wao mmoja mimi nanunua chupa, nachemsha mabua ya mpunga kwenye pipa, nachanganya na pumba kidogo (pumba ukizidisha mfuko unachemka ndani na kijani kinakaribishwa) napata mifuko kadhaa.

Semina asubuhi ilikuwa nzuri, walichemsha majani mbele yetu, tukajaza, tukafunga, kila mtu kashika kwa mkono wake. Baada ya chakula ikageuka mahubiri, uyoga unatibu sukari, unatibu presha, unatibu kila ugonjwa uliotajwa na wamama wa mstari wa mbele. Kitu cha afya chenye maana hawakusema hata neno, kwamba uyoga huu ukichelewa kuvunwa kingo zikapinda juu unamwaga vumbi jeupe (spora, si hizi mbegu za chupa), na ukilivuta kila siku kwenye chumba kilichofungwa kifua kinaweza kuharibika. Vuna mapema, fungua madirisha, vaa barakoa, bas.

Kuna dada katoka Tanga akauliza kuhusu mabaki ya mkonge, akajibiwa kirahisi tu kuwa haifai, tumia mpunga. Si kweli bwana. Watafiti Mshandete na Cuff walichapisha mwaka 2008 utafiti wa kuotesha aina tatu za uyoga wa porini wa hapahapa Tanzania juu ya mabaki ya mkonge yaliyoozeshwa, na mmoja wapo ni Volvariella ambao joto ndo raha yake. Mtu wa pwani anahitaji hasa uyoga wa namna hiyo, maana mamama wetu Januari chumba kikishachemka unadumaa na unakauka kingo hata umwagilie vipi. Niliwauliza kama wana mbegu zake, hawana, na sikuona kama wana mpango.

Na hii "kilimo endelevu" waliyoiandika kwa rangi ya kijani kwenye bango, sawa, mabua yangechomwa shambani, sasa yanatoa chakula na kilichobaki nimekimwaga kwenye matuta ya mchicha na udongo umelegea vizuri. Ila plastiki je? Kila mfuko ni nailoni inayotupwa. Katazo la Juni 2019 lilihusu mifuko ya kubebea, vifungashio vya kilimo viliachwa, kwa hiyo hawavunji sheria, lakini wangeweza kupokea mifuko mitupu kutoka kwa wateja kama wanavyopokea chupa tupu na kukukatia punguzo.

Nitaendelea kununua chupa, mifuko hapana, semina nenda kama hujawahi kabisa kuona inavyofanyika halafu baada ya chakula jiondokee. Mkienda kununua nendeni asubuhi, mchana makreti wanayaweka nje juani pale mlangoni na mbegu ikishapigwa jua unabeba mtama tu.