Nilikwenda kwa mtaalamu wa lishe kabla sijaugua

Baba yangu alipofuka kwa kisukari. Kwa hiyo daktari aliponiambia kipimo changu cha HbA1c, yaani cha wastani wa sukari kwenye damu, kimesoma asilimia 6.1, sikuhitaji maelezo marefu. Kuanzia 5.7 hadi 6.4 uko kwenye hatua ya kabla ya kisukari, ikifika 6.5, ugonjwa umeshaingia. Nikatafuta mtaalamu wa lishe mwenye kliniki yake binafsi, anayeshughulika na watu ambao bado hawajaugua.

Nilidhani nitapewa karatasi yenye orodha ya vyakula vilivyopigwa marufuku. Hakunipa. Saa nzima ya kwanza aliuliza tu: naamka saa ngapi, nani anapika, nikichoka nakula nini. Kisha akaniagiza niandike kwa siku tatu kila kitu ninachotia mdomoni, pamoja na saa na kiasi cha njaa niliyokuwa nayo.

Daftari hilo ndilo lililonifungua macho. Miaka yote nikilaumu sukari ya kwenye chai, kumbe shida yangu ilianzia mchana. Haikupita siku bila mimi kuruka chakula cha mchana, halafu saa nne usiku nasimama jikoni nakula wanga mtupu mpaka tumbo liume. Hakunigombeza. Alisema tuanze na hilo moja: mchana nile, hata kidogo, na nusu ya sahani iwe mboga. Mengine yatafuata.

Alinieleza pia utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2002, uliofuatilia watu zaidi ya 3,000 waliokuwa kwenye hatari kubwa ya kupata kisukari. Waliobadili mlo, wakalenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, walipunguza hatari hiyo kwa asilimia 58. Waliomeza metformini, dawa ya kisukari, asilimia 31. Kwa kilo zangu 84, asilimia 7 ni kama kilo 6. Lengo la namna hiyo mtu unalishika.

Miadi ya pili nilikwenda na mapakiti matupu ya nyumbani, tukasoma lebo pamoja. Kinachotajwa mwanzo ndicho kilichomo kwa wingi zaidi. Gramu za sodiamu ukizidisha kwa 2.5 unapata chumvi, na mtu mzima anatakiwa asifikie gramu 5 kwa siku. Kiungo kimoja cha pakiti tulichokipenda sana nyumbani kilishindwa mtihani huo hapo hapo.

Nilimsihi anipime tena baada ya mwezi, akakataa. Kipimo hicho kinaonyesha wastani wa sukari wa takriban miezi mitatu, kwa hiyo mwezi mmoja ungenidanganya. Hakuniuzia kidonge wala unga wowote, na hilo peke yake lilinifanya nimwamini.

Lawama ninayo moja, na si ndogo. Mke wangu ndiye anayepika siku nyingi, lakini hakuitwa. Nikawa mjumbe wa kupeleka maagizo jikoni, tukakwaruzana wiki mbili nzima bila sababu. Swali la nani anapika liliulizwa siku ya kwanza. Jibu lilipaswa kufanyiwa kazi siku hiyo hiyo. Nilimwambia mtaalamu, akakubali kosa.

Baada ya miezi mitatu nimesoma 5.8, na kilo nne zimetoka. Bado sijashuka chini ya 5.7. Miadi ijayo ni mwezi ujao, na safari hii tunakwenda wawili.